Wanafunzi Waruhusiwe Kufungua Mfuniko

Mwanafunzi wa Kimbo, mji ule mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Thika baina ya Ruiru na Juja, aweza kusoma somo la tarakilishi kwa miaka minne na kulipita vyema pasipo kushika bisibisi hata siku moja. Ataeleza kwa ufasaha kazi ya modemu. Akipewa modemu yenyewe, hajui aanzie wapi. Hali hii haifai kuendelea.

Tuchukue kadi ya mawasiliano ya zama zilizotangulia Windows 95. Kadi hiyo haikujipanga yenyewe. Aliyeitia alipaswa kuipa anwani, pamoja na namba ya ukatizo, yaani mlango ambao kadi hupigia hodi ili kichakataji kiache kazi na kuisikiliza. Alifanya hivyo kwa kuhamisha vijikofia vya plastiki viitwavyo jampa juu ya pini. COM1 ilitumia anwani 3F8 na ukatizo wa 4. COM2, 2F8 na ukatizo wa 3. COM3 nayo ilikuwa na anwani yake, 3E8, ila ilirudia ukatizo ule ule wa 4. Hapo ndipo penye mtego. Aliyeweka kipanya kwenye COM1 na modemu kwenye COM3 aliona mambo shwari hadi modemu ilipopiga simu. Mara kipanya kikaganda. Anwani mbili, hodi moja! Dawa ilikuwa kuihamishia kadi COM2, na iwapo mashine tayari ilikuwa na lango hilo, kulizima kwanza.

Watauliza wengine: ya nini haya, ilhali mashine za leo hujipanga zenyewe? Ni kwa sababu hiyo hasa. Mashine ya leo huficha hesabu zake, lakini jampa huonekana kwa macho. Mwanafunzi hukisia, huhamisha, huwasha, hukosea, huandika alichobadilisha, kisha hurudia. Fundi wa mitandao hufuata mwenendo uo huo akuta vifaa viwili vimepewa anwani moja.

Serikali ilipoanza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi mwaka 2016, Chuo Kikuu cha JKUAT, kilichopo Juja, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi hiyo. Inasikitisha kwamba jirani yake wa Kimbo angali anakatazwa kuchungulia ndani ya mashine.

Hofu ya walimu twaifahamu. Chombo kikiharibika, wao ndio huulizwa, hivyo lawama tusiwatupie. Walimu wakuu na bodi za shule ndio watenge tarakilishi moja mbovu, iliyokwisha kuondolewa katika orodha ya mali itumikayo, na waandike bayana kwamba hatatozwa mtu ikizidi kuharibika. Waya wa umeme uchomolewe kabla ya mfuniko kuguswa. Kisanduku cha umeme na kioo cha zamani visifunguliwe kamwe, kwani huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa.