Matuta ya Uluguru Hayakarabatiwi kwa Amri

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba matuta ya zamani ya Uluguru yakarabatiwe kwa amri ya serikali, ati kwa kuwa Waluguru waliyatelekeza kwa uvivu, amewadhulumu watu hao na kuipotosha tarehe yao. Matuta yale, yaliyochimbwa kwa shuruti zama za Mwingereza, yaliufukia udongo wa juu wenye rutuba na kuufunua mwekundu wa chini, mazao yakadhoofu. Ndipo mwaka 1955, huko Matombo, raia wakasimama kukataa, na mpango huo wa matuta ukavunjika. Uvivu uko wapi hapo? Tukitaka kukarabati, tukarabati kingo za vijito vinavyoulisha Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam, na mwenye shamba ashauriwe kwanza.