Mpenda magari anabaki Dar kufanya nini?

Najua niliahidi kuandika habari za mazoezi ya kufundisha, lakini hiyo itasubiri. Leo nina hoja ambayo tayari imenigombanisha na nusu ya hosteli, bora niimalizie hapa kijiweni.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Kimara, Dar es Salaam. Ni fundi kwenye gereji ya mtu, na ni mgonjwa wa magari. Ukimpigia simu, gari likapita nyuma yako, anakatisha salamu: "Mwambie huyo abadilishe plagi." Mwezi ujao kodi yake ya miezi sita inaisha. Kwetu Ihanja, kule Ikungi mkoani Singida, baba mdogo amemtengea kiwanja kando ya barabara afungue gereji yake mwenyewe. Sasa anauliza ndugu wote: niondoke au nibaki?

Wenzangu hapa karibu wote wanasema abaki. Eti mtu wa magari kwao ni mjini. Mimi nasema aondoke, na nasema hivyo kwa sababu anapenda magari.

Tuanze na hayo mapenzi yenyewe. Kaka ana Altezza. Ameishusha, ameivalisha rimu pana, mziki wake unasikika kabla gari halijaonekana. Ulizeni sasa anaiendesha lini! Jumatatu hadi Ijumaa imelala chini ya turubai, mwenyewe amesimama ndani ya mwendokasi kabanwa na mabegi ya watu, maana barabarani foleni haina huruma. Jumamosi anaiosha. Jumapili jioni anaizungusha kidogo, anairudisha kulala. Jamani, huyo ni mpenda magari au mlinzi wa gari?

Najua mtanijibu kwa mafuta. Sikatai. Bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila mwezi huwa juu zaidi Singida kuliko Dar, kwa sababu mafuta yanashushwa bandarini halafu yanasafirishwa hadi kwetu. Lakini bei ya lita ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni lita moja imekupeleka wapi. Gari likisimama kwenye foleni injini inaunguruma, linakula mafuta na haliendi popote. Tena kumbukeni, mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuihamishia kwenye mafuta. Maana yake kila lita unayoichoma umesimama unailipia barabara ambayo hujaipita. Ihanja lita ni ghali, lakini walau inakufikisha kwa shangazi.

Hoja ya pili, spea. "Kariakoo na Gerezani ziko Dar, Ihanja atapata wapi boljointi?" Nyie mnaongea kama tuko mwaka 1985. Fundi anapiga simu kwa mtu wake Kariakoo, anatuma picha ya kifaa na namba ya chesisi, analipa kwa simu, mzigo unapandishwa basi la Singida. Na tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kama kuna kifaa lazima akichague kwa macho yake, akifika Dodoma kwa basi safari iliyobaki hadi Dar ni ya saa chache tu. Kitakachomchelewesha ni mteja kutokuwa na hela, na hiyo hata Dar ipo.

Hoja ya tatu ndiyo wanayoipenda zaidi: barabara. Vumbi, makorongo, masika tope. Wanasema njia za kwetu zitaua gari. Ni kweli, ile Altezza iliyoshushwa haitamaliza wiki. Sampo itapasuliwa na jiwe la kwanza. Kwa hiyo aiuze! Hapa ndipo swali lilipo: unapenda magari, au unapenda gari moja lionekane na watu? Anayependa magari anajua kwamba RAV4 ya zamani, Hilux au mkonga vinafanya njia za vumbi kazi ambayo Altezza haitaiweza, na anaona raha kujua kwa nini: nafasi chini ya gari, springi, urefu wa tairi.

Halafu nani aliwadanganya kwamba utamaduni wa magari wa Afrika Mashariki umezaliwa kwenye lami? Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sifa yake yote ilikuwa vumbi na tope. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekulia kwenye kazi za gereji, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwishatumika, tuseme mtumba. Akarudia mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara 5. Hao walikuwa wanaume wa magari, na njia zao zilifanana na za kwetu kuliko za Masaki.

Na kazi yenyewe? Mjini kaka anafungua na kufunga. Gari likigoma, kinatolewa kifaa kinawekwa kingine, bosi anaandika bili. Kijijini kuna Fuso zinazobeba alizeti wakati wa mavuno, bodaboda kila kona, Noah zilizojazwa watu na kuku hadi shokapu zinalia, mashine za kusaga na za kukamua mafuta. Chombo kikilala, mtu anakosa kipato siku hiyo hiyo, na mgonjwa anakosa usafiri wa kufika hospitali. Huko fundi hawezi kubahatisha kwa kubadilisha vifaa vitano, kwa sababu mteja ana hela ya kimoja. Lazima asikilize, apime, afikiri. Kwa mtu anayetambua plagi mbovu kwa simu, hiyo ndiyo kazi ya kipaji chake.

Msidhani nauza ndoto. Hatari zipo na nimemwandikia kaka zote. Pesa ya kwetu inafuata mavuno. Utasikia "nitakulipa nikiuza alizeti" mpaka uchoke. Kwa hiyo aweke sheria tangu siku ya kwanza: spea mteja analipa taslimu, ufundi ndio unaweza kusubiri mavuno. Aanze na bodaboda, maana hizo zinaleta hela ndogo ya kila siku. Asitumie hela yote ya Altezza kununua gari lingine la kutamba. Inunue kwanza jeki za maana, kompresa, jenereta ndogo na mashine ya kusomea hitilafu. Na aje kiangazi, watu wanapovuna, si masika wakati kila mtu yuko shambani na mfuko mtupu.

Kitu kimoja atakipoteza kweli, nacho ni wenzake. Wale anaokaa nao Jumapili wakifungua boneti na kubishana injini ipi bora mpaka usiku. Ihanja hawapo. Lakini wapo vijana wanaotengeneza pikipiki chini ya mti kwa spana mbili na ujasiri, hawajawahi kuonyeshwa na mtu kwa nini wakaza boliti hivi na si vile. Baada ya mwaka mmoja hao ndio watakuwa wenzake wa kubishana nao. Na wakishajua kazi, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini. Watapata na cheti.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Mafuta na spea ni visingizio tu. Mnachokiogopa ni kijiji kumwona amerudi. "Watu watasema ameshindwa maisha." Na wanaosema hivi ni sisi tunaosomea ualimu! Juzi mmoja wenu kaapa kwamba akipangiwa shule ya kijijini anaacha kazi. Halafu kesho yake anakariri Elimu ya Kujitegemea kwa ajili ya mtihani. Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1967 akilalamikia elimu inayomtenga kijana na jamii yake, inayomfanya aone kuondoka kijijini ndiyo mafanikio. Tunaipatia maksi hiyo hoja, kisha tunamshauri fundi akae Kimara akilinda gari chini ya turubai.

Kama kurudi ni kushindwa, basi kila mwalimu aliyenifundisha Ihanja alishindwa, na mimi ni zao la walioshindwa. Siwezi kuikubali hesabu hiyo.

Kuna waliopendekeza njia ya kati: afungue hapa Dodoma, au Singida mjini. Akifungua hapa atakuwa gereji mojawapo kati ya gereji nyingi, na bado atalipa kodi. Ihanja kiwanja ni cha ukoo, na akikosa wateja mwezi mzima hatolewi na mwenye nyumba.

Kwa hiyo kaka, najua utasoma hapa: usilipe hiyo miezi sita mingine. Tangaza Altezza wiki hii, wakati bado inang'aa. Nyie wengine leteni hoja zenu hapo chini, ila asiniambie mtu habari ya foleni za Ihanja. Tunazo za ng'ombe tu, na zile zinasogea.

Naomba kutoa hoja.