Wavuta nyumba za magurudumu Marekani wakalia kuti kavu

VIWANDA vya nyumba za magurudumu nchini Marekani vilipopunguza uzalishaji baada ya mwaka 2021, miongoni mwa waliotangulia kuonja machungu ni madereva wenye pikapu zao, ambao kazi yao ni kuzivuta nyumba hizo kutoka kiwandani hadi kwenye yadi za wauzaji.

Nyumba hizo, ambazo Wamarekani huzitumia kwa mapumziko, hutengenezwa kwa wingi katika kaunti ya Elkhart, Jimbo la Indiana. Chache huendeshwa zenyewe kama basi. Zilizo nyingi ni za kuvutwa, na hapo ndipo dereva anapopata riziki yake.

Mwaka 2021 viwanda viliwapelekea wauzaji nyumba 600,240, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Mwaka 2023 zilikuwa 313,174 tu. Yaani karibu nusu ya safari zilitoweka katika muda wa miaka miwili.

Kiini cha tatizo ni kwamba dereva hategemei nyumba zilizouzwa, bali zilizotoka kiwandani. Wakati wa neema wauzaji waliagiza kila walichoweza kupata. Riba zilipoanza kupandishwa Machi 2022, wateja, ambao wengi hununua kwa mkopo, walisita. Muuzaji naye, akiwa na yadi iliyojaa bidhaa anazozilipia riba, haagizi nyingine mpaka amalize alizonazo. Hivyo oda hushuka kwa kasi kuliko mauzo yenyewe, na dereva hukosa mzigo hata kama watu bado wananunua.

Hesabu zake nazo ni ngumu. Kwa kawaida hulipwa kwa maili anazovuta mzigo; kurudi mtupu ni juu yake. Pikapu inayokwenda maili 10 kwa galoni ikiwa na mzigo, na 16 ikiwa tupu, itahitaji galoni zipatazo 162 kwa safari ya maili 1,000 kwenda na kurudi. Julai 2008, dizeli ilipopita dola 4.70 kwa galoni, safari hiyo ilimeza zaidi ya dola 750 za mafuta pekee. Bado tairi, bima na marejesho ya mkopo wa gari. Juni 2022 bei ilivuka dola 5.70, wakati uleule ambapo oda zilianza kupungua.

Elkhart ilikwishapita huko. Kutoka nyumba 390,500 mwaka 2006, viwanda vilishuka hadi 165,700 mwaka 2009. Machi mwaka huo zaidi ya asilimia 18 ya nguvu kazi ya eneo hilo haikuwa na ajira, na Rais Barack Obama alikuwa amekwenda huko mwezi mmoja kabla kutetea mpango wake wa kufufua uchumi.

Lakini mfanyakazi wa kiwandani anapoachishwa kazi huwa na fao la kukosa ajira. Dereva huhesabiwa kuwa mkandarasi huru, na kwa kawaida hana haki hiyo. Uhuru huo, unaosifiwa sana mizigo inapokuwa mingi, ndio unaomwacha peke yake na deni la pikapu benki.

Mwaka 2024 nyumba zilizopelekwa zilifikia 333,733. Ni nafuu, ila kwa aliyenunua pikapu mpya kwa hesabu za mwaka 2021, bado pengo ni la nyumba zaidi ya 266,000.