Nani Kasema Hatupendi Kusoma?

Kuna msemo ambao wasomi wetu wanaupenda mno: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kwenye kitabu. Unatamkwa kwenye makongamano na redioni, na wasikilizaji wanapiga makofi. Kwangu mimi ni tusi, tena tusi la uongo.

Wanaousema waje kwenye maktaba ya mkoa ninakoazima vitabu. Wafike asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Watakuta vijana wa kidato cha nne na cha sita wamejipanga, mabegi mgongoni, wakiwahi viti. Saa nne haijafika, viti vimekwisha, na waliochelewa wanakaa sakafuni karibu na dirisha wapate mwanga. Wengi wanasoma madaftari waliyokuja nayo, maana rafu zimejaa vitabu vya misaada: sheria za kodi za Uingereza, miongozo ya kompyuta ambazo hazitengenezwi tena. Vitabu hivyo vikikaa bila kuguswa, tunaambiwa Mtanzania hasomi!

Sasa tazama kitabu kinachomgusa msomaji. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ipo nakala moja tu. Jalada limeshikiliwa kwa selotepu, kurasa za katikati zimeachia gundi, na karatasi ya tarehe mwishoni imejaa mihuri mpaka ikabandikwa nyingine juu yake. Nilipoiulizia, mkutubi alinionyesha daftari lenye majina ya wanaoisubiri. Mtu asiyependa kusoma hasubiri zamu.

Hata nje ya maktaba ushahidi upo. Hadithi za Eric Shigongo zilitoka kwa mfululizo magazetini, na watu walinunua gazeti ili wajue kilichofuata. Leo simulizi zinauzwa kwa WhatsApp, msomaji analipa kwa simu ndipo atumiwe sehemu inayofuata. Huyo analipia kusoma kwa fedha yake mwenyewe, lakini kwenye takwimu za maktaba hayumo. Atakuwemo vipi? Maktaba ninayoisema inafungwa jioni wakati yeye ndiyo kwanza anatoka kazini, na Jumapili haifunguliwi kabisa. Fundi, nesi na muuza duka waende lini?

Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba 1967, wakati Watanzania wengi wazima hawakujua kusoma. Hakungoja kwanza wathibitishe kwamba wanapenda vitabu. Katika miaka ya 1970 wakulima walikaa madarasani baada ya kutoka shambani, wakajifunza, kwa sababu walipelekewa madarasa na walimu huko huko vijijini.

Kwa hiyo ninawaomba wenye mamlaka ya bajeti: acheni maktaba wazi hadi saa mbili usiku, Jumapili ikiwemo. Nunueni nakala za kutosha za riwaya za Kiswahili ambazo majina ya wanaozisubiri yako kwenye madaftari ya wakutubi. Fanyeni hivyo kwa mwaka mmoja, kisha hesabuni wasomaji.