Matone ya kuona gizani: wadau, macho hayana spea

Kuna picha haiishi kuzunguka kwenye magrupu: jamaa ana macho meusi tii, na chini yake maneno kwamba sasa binadamu anaona gizani kama paka. Kila ikirudi, utakuta watu kibao wanauliza, "Yanapatikana wapi hayo matone?" Jamani, taratibu kwanza.

Stori yenyewe ni ya kweli. Ni mwaka 2015, California, Marekani. Jamaa wawili wanaojifanyia utafiti nje ya vyuo na hospitali walichukua Ce6, kitu kinachotokana na ile rangi ya kijani ya majani, wakakichanganya na insulini na kiyeyushi kiitwacho DMSO. Mmoja akatiwa machoni. Usiku wakaingia msituni kupima nani anamwona mtu aliyesimama gizani, hadi umbali wa mita 50. Aliyetiwa dawa alipatia zote. Wenzake wanne ambao hawakutiwa waliambulia kama theluthi moja.

Inasisimua, sikatai. Ila hesabu vizuri: aliyetiwa dawa ni mtu mmoja! Huenda macho yake yalikuwa makali tangu mwanzo. Na ripoti waliichapisha wenyewe, bila wataalamu wengine kuikagua kwanza.

Halafu kuna hili ambalo wasambazaji wa picha hawalisemi. Madaktari hutumia Ce6 kwenye matibabu ya saratani kwa sababu ikipigwa na mwanga inaua seli. Sasa wewe unaitia machoni, mahali ambapo kazi yake ni kupokea mwanga! Ndiyo maana yule jamaa baadaye alivaa lenzi nyeusi na miwani ya jua kuzuia mwanga. Huku mjini usiku ni taa za magari, bodaboda na mabango. Utajificha wapi?

Sayansi haijalala, lakini. Mwaka 2025 watafiti wa China walitangaza lenzi za kuvaa machoni zinazomwezesha mtu kuona miale ya infraredi, hata akifumba macho, maana miale hiyo inapenya kope. Tamu kuisikia. Tatizo, zinahitaji taa kali ya infraredi, na picha inakuja na ukungu. Shimo la barabarani halikuwakii taa ya infraredi, ndugu yangu.

Na karoti je? Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Uingereza ilieneza kwamba marubani wake wanatungua ndege usiku kwa sababu ya kula karoti, kumbe siri ilikuwa rada. Karoti inakusaidia kama mwili umepungukiwa vitamini A. Kama unayo ya kutosha, kilo nzima haikugeuzi paka. Na ukibugia vidonge vya vitamini A kupita kiasi, ini ndilo linaumia.

Msimamo wangu ni huu: kama usiku huoni vizuri, huo ni ujumbe kutoka mwilini. Inaweza kuwa upungufu wa vitamini A, mtoto wa jicho, au unahitaji tu miwani. Ukitia matone ya mtandaoni unaficha tatizo huku linakua, na wewe bado unaendesha bodaboda na abiria nyuma. Hapo si macho yako peke yake yaliyo hatarini. Nenda ukapimwe.

Na kuna mbinu ya bure kabisa: jicho likikaa gizani dakika 20 hadi 30, lenyewe linaongeza uwezo. Ukiwasha simu yenye mwanga mkali, umelirudisha nyuma. Wengi tunaolalamika hatuoni gizani hata nafasi hiyo hatujalipa.

Haya, semeni ukweli: ukiletewa hayo matone bure leo, unatia au hutii?