Mkimbiaji wa Keringet Apimwe Wapi?

Tarehe 26 Juni 2025, katika uwanja wa Charléty jijini Paris, Faith Kipyegon alijaribu kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Nike walikuwa wamemshonea vazi lenye vinundu vidogo vya kupunguza ukinzani wa upepo, wakamtengenezea viatu vya njumu vya peke yake, wakampangia wadhibiti kasi 13 wa kumkinga mbele na nyuma. Mwezi Februari mwaka huo wanasayansi walikuwa wamechapisha hesabu yao: akikingwa ipasavyo, angeweza kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 59.37. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei. Siku tisa baadaye, mjini Eugene, Marekani, katika mashindano ya kawaida, alivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1,500 kwa kutumia dakika 3 na sekunde 48.68.

Sitaki mtu asome hayo akadhani nasema sayansi haina faida. Rekodi ya Kipyegon ya maili ilikuwa dakika 4 na sekunde 7.64, kwa hiyo usiku ule wa Paris alikimbia kwa kasi kuliko alivyowahi. Vifaa na wadhibiti kasi walimsaidia. Lakini walimsaidia kwa sekunde moja hivi, huku hesabu ikiwa imeahidi nane. Yaliyobaki yalikuwa ya miguu yake, ya mapafu yake, na ya miaka ya mazoezi chini ya kocha Patrick Sang kule Kaptagat.

Swali ambalo sisi wa Nakuru tunapaswa kujiuliza linaanzia hapo. Kipyegon ni binti wa Ndabibit, Keringet, ndani ya kaunti hii. Aliposhinda dhahabu ya Olimpiki kule Rio mwaka 2016, babake alimwomba Rais hadharani aletewe stima ili aweze kumtazama mwanawe akikimbia. Stima ilifika baada ya medali. Ndivyo mambo yanavyokwenda katika riadha yetu: umeme, kipimo cha damu, kiatu kilichochaguliwa kwa uangalifu, mtu wa kukanda misuli, vyote humfikia mwanariadha akishakuwa bingwa. Msichana wa miaka 16 anayekimbia leo asubuhi kwenye barabara ya murram kati ya Keringet na Molo hana hata kimoja, na yeye ndiye anayevihitaji zaidi.

Nichukue viatu, kwa sababu ndivyo vinavyozungumzwa kambini kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 2017 Nike walimpeleka Eliud Kipchoge Monza, Italia, akakaribia kumaliza marathoni chini ya saa mbili, akazidisha sekunde 25 tu. Tarehe 12 Oktoba 2019, kule Vienna, akaimaliza kwa 1:59:40. Chuo Kikuu cha Colorado kilipima kiatu cha aina aliyovaa Kipchoge, chenye povu jepesi na sahani ya kaboni ndani ya soli, na kukuta kwamba kinampunguzia mkimbiaji matumizi ya nishati kwa takriban asilimia 4. Shirikisho la Riadha Duniani likalazimika kuweka mipaka mapema mwaka 2020: soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40, na sahani iwe moja tu. Tangu hapo hakuna anayesimama kwenye mstari wa marathoni kubwa na kiatu cha kale. Asilimia moja ya saa 2 na dakika 10 ni sekunde 78, na sekunde 78 ni tofauti kati ya kupata zawadi na kurudi nyumbani na deni la nauli.

Lakini asilimia 4 ulikuwa wastani wa watu waliopimwa, na wastani haukimbii. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya kupimwa kwa Wakenya saba wa kiwango cha dunia, viatu vya kisasa vikilinganishwa na kiatu bapa cha mbio. Yupo aliyeokoa nishati kwa asilimia 11.4. Yupo pia aliyepoteza asilimia 11.3: kiatu kile kile kinachosifiwa kote duniani kilimfanya afanye kazi zaidi. Watu saba ni wachache, na kipimo cha siku moja kina makosa yake, lakini hata ukiyakata matokeo hayo katikati, onyo linabaki. Mwanariadha anayejinyima na kununua kiatu kwa kuwa bingwa fulani alikivaa huenda ananunua kizuizi. Na bei si ya mchezo. Kiatu cha Adidas alichovaa Tigst Assefa wa Ethiopia aliposhinda marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa 2:11:53 kiliuzwa dola 500, zaidi ya shilingi 60,000. Wengi wa vijana wetu huvaa cha mitumba au cha kurithi kutoka kwa mwenzao wa kambini, povu likiwa limeshachoka.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tuachane na teknolojia turudi kwenye ugali na vilima. Wala sikubaliani na wanaodhani kaunti ikigawa viatu vya kaboni itakuwa imemaliza kazi. Bila kipimo, kiatu ni bahati nasibu. Na kipimo bila kocha wa kukisoma ni karatasi tu.

Ukocha ndio unaonisumbua zaidi. Bruda Colm O'Connell alifika Iten kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, bila mafunzo yoyote ya riadha. Alijifunza kwa kutazama, mwaka baada ya mwaka, akiwa na saa mkononi, na mwanafunzi wake David Rudisha akakimbia mita 800 kwa 1:40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Samuel Wanjiru wa Nyahururu, jirani zetu hapa, alichukuliwa Japani akiwa kijana wa shule, akaja kunolewa na Koichi Morishita, mshindi wa fedha ya marathoni ya Olimpiki ya 1992. Mwaka 2008, katika joto la Beijing, Wanjiru alitwaa dhahabu kwa 2:06:32, viatu vya kaboni vikiwa havijasikika. Rekodi hiyo ya Olimpiki ilidumu hadi 2024, Tamirat Tola alipoipunguza kwa sekunde sita. Njia za Olimpiki hutofautiana, najua, na ile ya Paris ilikuwa na milima. Hata hivyo, miaka 16 ni mingi.

Wanjiru ilimbidi avuke bahari ili apate kocha wa kumtazama kila siku. Leo kijana wa Kuresoi au Subukia akitaka kocha wa aina hiyo hupanda matatu kwenda Iten au Kaptagat, akapange chumba, akajipenyeze katika kundi la watu wengi ambamo hakuna anayelijua jina lake. Anakimbia kwa kasi ya kundi. Akiumia, anarudi nyumbani kimya kimya, na hakuna anayeandika popote kwamba aliwahi kuwa na kipaji.

Tunachohitaji hapa hakianzi na mashine ya mamilioni. Kocha mwenye mkanda wa kupimia mapigo ya moyo anaweza kumkimbiza mwanariadha kilomita kadhaa kwa kasi ileile, kwenye barabara tambarare, kiatu cha kwanza, cha pili, cha pili tena, kisha cha kwanza, na kurudia asubuhi nyingine kwa saa ileile. Si sahihi kama kupima oksijeni maabara, ila ni afadhali kuliko tangazo la biashara. Kifaa cha kupima lakteti kwa tone la damu ya kidole hutoshea mfukoni. Kipimo cha madini ya chuma mwilini hufanywa hospitalini, na kwa wasichana wanaokimbia masafa marefu ni muhimu kuliko kiatu chochote. Wangapi wameambiwa ni wavivu, kumbe damu imepungua?

Baada ya hapo ndipo ije maabara, na mahali pake pako wazi. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro na kina kitivo cha afya. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na Molo karibu mita 2,500, mwendo usiofika mbali kwa gari. Mwanariadha anaweza kulala juu na kushuka kukimbia kasi penye oksijeni zaidi kidogo, akapimwa siku hiyohiyo. Bengt Saltin wa Sweden aliwapima wavulana wa Iten mwaka 1990, na matokeo yakachapishwa Ulaya mwaka 1995, yakionyesha jinsi wakimbiaji wetu wanavyotumia oksijeni kwa uchache. Watafiti wengi wamefuata. Wamekuja na mashine zao na wameondoka nazo.

Fedha zipo zinapotakiwa. Mwaka 2022, riadha ya Kenya ilipokuwa ukingoni mwa kufungiwa, serikali iliahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano kupambana na dawa haramu. Ilikuwa sahihi kufanya hivyo. Lakini kijana anayeijua damu yake, mwenye kocha wa kumweleza kwa nini kasi imeshuka, hana haraka ya kumfuata muuza sindano wa mtaani. Kinga hiyo haijatengewa bajeti.

Waheshimiwa wa bunge la kaunti ya Nakuru, mkiketi kujadili michezo safari hii, kabla ya jukwaa na paa la uwanja, ajirini makocha wenye mafunzo katika Keringet, Molo, Njoro na Subukia, wapeni vifaa vya kupimia, na muiite Egerton mezani. Na matokeo ya kila kipimo yawe mali ya mwanariadha mwenyewe, ayachukue popote aendako.