Lehemu Si Takataka ya Mwili

Asubuhi za mwezi wa saba, katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mawese huganda ndani ya chupa. Pembeni yake, mafuta ya alizeti hubaki majimaji. Mama anayepika huisogeza chupa ya mawese karibu na jiko, akasubiri yayeyuke, kisha akaendelea na kazi zake. Jambo hilo la kila siku lina somo kubwa kuhusu lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli. Na kwa maoni yangu, ni somo ambalo sisi watumishi wa afya tumelifundisha vibaya.

Tumezoea kuitaja lehemu kana kwamba ni uchafu ulioingia mwilini. Ukweli ni kwamba hakuna seli ya binadamu iwezayo kuishi bila hiyo. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Utando huo ukikakamaa kama mawese ya asubuhi, shughuli zake hukwama. Ukilegea mno, huvuja. Lehemu ndiyo inayoshika mizani. Molekuli zake, ambazo ni bapa na ngumu, hujipenyeza katikati ya minyororo ya mafuta: penye msongamano huizuia isishikamane ikaganda, na penye ulegevu huituliza isitawanyike. Katika utando wa nje wa seli zetu nyingi, takribani molekuli moja kati ya kila tatu za mafuta ni lehemu. Katika lugha yetu, lehemu ni pia ile risasi ya fundi anayeunga mabati. Hakuna aiitaye uchafu. Huwa kero pale tu inapomwagika pasipohitajika.

Kwa kutolieleza hilo, tumeacha kauli mbili zienee, na zote mbili zinadhuru.

Ya kwanza husema: "Mawese hayana lehemu, basi tumia utakavyo." Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Mimea hutumia steroli zake yenyewe, kama vile sitosteroli, wala si lehemu. Hata hivyo, karibu nusu ya mafuta yaliyomo katika mawese ni ya aina inayoganda. Mafuta ya aina hiyo yakizidi katika chakula, ini hupunguza vipokezi vyake vinavyoondoa damuni chembe zinazobeba lehemu, yaani LDL. Ugunduzi wa vipokezi hivyo ndio uliowapatia Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Chembe zisipoondolewa hupenya katika kuta za mishipa, na mwisho wake waweza kuwa shambulio la moyo au kiharusi. Si kwamba mawese huganda mishipani kama yanavyoganda chupani, jinsi baadhi yetu tunavyowatisha wagonjwa. Sehemu kubwa ya lehemu ya damuni hutengenezwa na mwili wenyewe. Kwa hiyo chakula kisicho na lehemu hata kidogo chaweza kuipandisha.

Kauli ya pili ni kinyume chake: "Mawese ni sumu, acheni kabisa." Mama akiisikia kwa ajili ya mumewe mwenye shinikizo la damu, huyaondoa pia katika maharage ya mtoto. Hapo mtoto amenyang'anywa kitu cha thamani, kwa maana mawese mekundu yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mlinzi wa macho na kinga. Aidha, mkoa wa Kigoma ndio nyumbani kwa mchikichi, na tangu mwaka 2018 Serikali imelivalia njuga zao hilo. Tukimwambia mkulima kwamba anachokilima ni sumu, hatatuamini hata tutakapomshauri kuhusu chumvi.

Kuielewa kazi ya lehemu kuna faida hata nje ya magonjwa ya moyo. Fangasi nao wana utando, lakini wao hutumia ergosteroli, ndugu wa lehemu. Dawa ya amfoterisini B, inayotibu homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi kwa watu wenye VVU, huinasa ergosteroli na kuuharibu utando wa fangasi. Kwa kuwa ndugu hao wawili wanafanana, dawa huweza pia kuzigusa seli zetu na kuumiza figo. Ndiyo maana upo muundo wa dawa hiyo uliofungwa ndani ya viputo vya mafuta vyenye lehemu, ambao madhara yake ni machache. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja kubwa ya muundo huo, pamoja na vidonge vingine. Lehemu tunayoitukana imo ndani ya dawa inayookoa maisha.

Basi napendekeza tubadili usemi wetu. Tuseme: "Mzee wangu, lehemu ni sehemu ya mwili wako, tunachopunguza ni ile iliyozidi katika damu. Mawese yapimwe kwa kijiko, wala yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Ukiweza, mafuta yako ya kila siku yawe ya alizeti. Mtoto aachiwe mawese yake mekundu, yasichomwe mpaka yakawa meupe. Na kama umepewa vidonge, usiviache bila kurudi kuniona."

Maneno hayo hayazidi dakika moja. Mgonjwa atakayeyasikia atakwenda nyumbani akijua anachopunguza na sababu yake, na mtoto wake hatakosa chakula kwa sababu ya ugonjwa wa baba.